Daftari la Sukari

Mke alitoa kidole, akafumba macho. Fundi saa alikichoma kwa mkono usiotetemeka, mkono uleule uliofungua saa za watu kwa miaka thelathini, akakamua tone la damu na kuligusisha kwenye mashine.

"Tano nukta mbili!" alitangaza, utadhani damu yenyewe kaitengeneza yeye. "Unaona? Nidhamu tu."

Akaandika kwenye daftari kwa wino wa bluu, kisha akapiga mstari kwa rula.

Tangu walipotoka hospitali na habari kwamba kisukari kimeingia nyumbani, ilikuwa imepita miezi mitatu. Siku ile mke alilia njia nzima. Fundi saa hakutoa hata chozi. Aliapa kwamba ugonjwa huo hautamtia adabu. Alinunua mashine, daftari na rula, akachora ratiba na kuibandika kwenye mlango wa jokofu. Kufikia jioni alikijua kisukari kuliko waliokisomea.

Mke akaanza kunywa chai isiyo na sukari. Mchana alikula mboga za majani zilizochemshwa, usiku akala zilizobaki. Fundi saa alikaa mbele yake, mkate wake umepakwa jamu mpaka kingoni, akimtia moyo.

"Tafuna polepole," alimwambia, mdomo umejaa. "Ukibugia, sukari inapanda."

"Lakini mume wangu, daktari alisema hata mkate..."

"Siku ile daktari alikuwa anaongea na nani?"

"Na wewe."

"Haya. Sasa kati yetu anayejua ni nani?"

Mke akarudi kwenye mboga zake.

Jioni ilikuwa zamu ya mazoezi. Mke aliuzunguka mtaa mara nne kwa raba mpya, jasho likimtiririka. Fundi saa alikaa kibarazani na chupa ya soda baridi, saa kiganjani, akimpimia muda.

"Kaza mwendo! Jana ulinipa dakika mbili pungufu!"

Majirani walimwonea mke wivu. "Wangu hata nikizimia atauliza chakula kiko wapi," alisema mshonaji wa nyumba ya pili. "Pole na ugonjwa, dada yangu, lakini mume umepata."

"Asante," mke alijibu akihema. "Ndiyo tunahangaika nao."

Vidonge navyo fundi saa alivipanga kwenye droo ya vipuri, akaifunga kwa ufunguo. Kila Jumamosi alivihesabu. Hakikupotea hata kimoja.

Kama kuna jambo lililomkera, ni kazi. Skrubu za siku hizi, alilalamika, zinatengenezwa ndogo kwa makusudi. Hazionekani hata kwa lenzi. Saa za wateja wawili aliwarudishia wenyewe akidai zilitoka kiwandani zikiwa mbovu. Na kiu nayo! Alimaliza jagi zima kabla ya adhuhuri, akawa mtu wa kwenda chooni na kurudi, wateja wakimsubiri mlangoni.

"Tumwambie daktari?" mke aliuliza kwa sauti ya chini.

"Tumwambie nini? Kwamba kuna joto?"

Siku ya kliniki alivaa shati jeupe, daftari kwapani. Pale kwenye benchi aliwahutubia wagonjwa wapya mpaka wawili wakahama. "Tatizo lenu ni uvivu," aliwaambia. "Kisukari kinataka mtu aamke mapema. Njooni nyumbani muone watu wanavyojituma."

Walipoitwa ndani, muuguzi alifungua daftari ukurasa baada ya ukurasa. Hakuna siku iliyorukwa. Hakuna namba iliyofika sita.

"Jamani," alisema. "Miaka yote niliyokaa hapa sijaona kazi kama hii. Wote wangekuwa hivi, kliniki ningeifunga."

Fundi saa alitabasamu, meno yote nje. Pembeni yake mke alikuwa amekonda, gauni linamning'inia, vidole vyake vimejaa alama za sindano.

"Haya, viatu," muuguzi alisema, akivuta kigoda karibu. "Tuangalie miguu."

Mke aliinama, akaanza kufungua kamba za raba.

"Siyo wewe, mama. Wewe pumzika." Muuguzi alisoma jina kwenye faili, akamgeukia fundi saa. "Baba, hili si faili lako? Mbona huvui?"

Fundi saa alimkodolea macho, ameshangaa kwelikweli.

"Ni langu, ndiyo. Mwenye kisukari ni mimi," alisema. "Lakini hayo mambo yote ananifanyia mke wangu."