Vyanzo Visivyojuana

Saa nne kamili asubuhi, ukuta wa bwawa ulionekana umepasuka upande wa kushoto. Mwalimu Asteria Mkude, aliyekuwa kwenye barabara ya mlimani, alipiga simu nyumbani kwake bondeni.

"Generoza, mshike bibi mkono mpande mlimani sasa hivi. Bwawa linabomoka."

Binti yake hakuinuka. Sheria ilikuwa wazi, na Asteria mwenyewe ndiye aliyeifundisha darasani: sauti yoyote huigwa na mashine, kwa hiyo simu inayokuharakisha ikatwe na iripotiwe kwenye mfumo unaowapa wanafunzi alama, wala isiaminiwe mpaka vyanzo viwili visivyojuana viithibitishe.

"Umepatia," Generoza alisema. "Hata kile kikohozi cha mama umekiweka."

"Ni mimi, mwanangu. Jana ulilia kwa maumivu ya jino."

"Hilo niliandika mtandaoni. Tafuta lingine."

Asteria alimpa simu dereva wa lori aliyesimama kando yake. Dereva aliapa kwamba maji anayaona kwa macho yake.

"Nyie mko pamoja," Generoza alisema kwa upole. "Mama anatufundisha kwamba vyanzo vinavyojuana ni chanzo kimoja."

"Nakuomba, Jene. Nimepiga magoti hapa."

"Tapeli akiishiwa hoja huanza kulia. Hilo nalo anatufundisha."

Simu ikakatwa. Asteria alipiga tena mara nne, haikupokelewa. Saa nne na dakika sita uliingia ujumbe wa mfumo: namba yake imefungwa kwa ulaghai, baada ya kuripotiwa na mwanafunzi Generoza Mkude, aliyepata alama kumi kati ya kumi.