Kofia ya Haramia

Basi wanangu, kwenye studio ile ya katuni plastiki ya kuchorea ilikuwa shida kupatikana. Ukishachora na kupiga picha, unaosha, unachora tena palepale. Sunrye, mchoraji, alikuwa amekificha kipande kimoja: haramia mwenye kofia ya ukili, yule anayewaibia matajiri alishe maskini. Ndiyo kazi ya mwisho ya marehemu mumewe.

“Shemeji, kioshe tu,” alisema Dalsu, mpiga picha. “Tumeishiwa plastiki, na haramia hajafika kwao. Sinema bila mwisho, si watatutukana?”

“Aliyemchora hayupo, Dalsu.”

“Najua. Jeneza lake nimelibeba mimi.”

Sunrye akachovya kitambaa kwenye maji ya magadi, akafuta miguu, upanga, uso. Kwenye kofia mkono ukagoma. Akashika brashi, akaanza kumchora haramia upya, anarudi kwao, chini ya kofia ileile.