Mama Sheria Kwenye Gwaride

"Ukimwona, usiseme neno. Mguse begani tu," afande alimwambia Mama Sheria, mkono wake ukiwa kwenye kitasa cha mlango.

"Mimi tena, afande? Huyo nitamjua hata katikati ya watu elfu."

Jina la Mama Sheria alipewa na majirani, na hawakumpa kwa mapenzi. Mtaa mzima ulishachoka na mahubiri yake: wezi hawashuki kutoka mbinguni, wana mama zao, mtoto akishinda amelala, jiulize usiku alikuwa wapi. Jiji lilipobandika matangazo ya kuwaomba wananchi wataje wahalifu, yeye alitaja mpaka muuza maji.

Safari hii lakini alikuwa na la kweli. Akiwa dirishani, alimwona mtu akitoka mbio kwa shoga yake, fundi wa nguo, kofia nyeusi kichwani, cherehani begani. Fundi alibaki sakafuni, mkono umevunjika. Alipigwa kwa nyuma, hakuona kitu. Mama Sheria naye aliona mgongo na kofia, basi. Ila polisi aliwaambia ameona sura, maana aliyeona mgongo nani atamsikiliza?

"Shahidi ni wewe peke yako," afande alisema. "Tumemkamata alfajiri. Usipomtambua, namwachia leo hii."

"Thubutu! Shoga yangu hapati usingizi. Jamaa alimwambia akifungua mdomo atarudi kummaliza."

Mlango ukafunguliwa. Vijana wanane walikuwa wamesimama ukutani kwa gwaride la utambuzi, wote warefu, wote wembamba, wote na kofia nyeusi. Mama Sheria akaanza kuwapitia, kidevu juu, mikono nyuma. Wa kwanza. Wa pili.

Wa tatu alikuwa kifungua mimba wake.

Asubuhi si aliaga anakwenda kutafuta kibarua? Kijana akamtazama mama yake, akainamisha uso upesi. Hapo kila kitu kikajipanga: viatu vipya visivyo na maelezo, simu za kupokelea uani, kulala mpaka adhuhuri. Mahubiri yote aliyowamwagia wenzake yakamrudia kooni, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Akawapita waliobaki kama anayekimbia mvua.

"Hayumo."

"Mama, hebu angalia tena, taratibu."

"Nimesema hayumo! Unataka niape?"

"Si ulisema ulimwona sura?"

"Ndiyo maana nakwambia hayumo."

Afande akashusha pumzi, akampa ishara askari wa mlangoni. Mama Sheria akatoka, akajitupa kwenye benchi la nje akimshukuru Mungu kimoyomoyo. Huyu mtoto atamnyoosha mwenyewe nyumbani. Mambo ya mahakama ni ya watoto wa watu wengine.

Mara mwanawe akatokea mlango wa pembeni, soda mkononi, anacheka, na wenzake sita nyuma yake.

"Mama! Ulivyokuwa unatukagua pale, nusura nicheke niwaharibie kazi. Wametuzoa kijiweni tujaze mstari, eti wanataka warefu wembamba. Na soda juu!"

Wa mwisho kutoka alikuja peke yake, akivaa mkanda aliorudishiwa na askari. Akasimama mbele ya benchi.

"Asante, mama," alisema. "Fundi nitamsalimia mwenyewe."