Mkeka wa Eda

Tangu afiwe na mumewe, Maimuna hakuvuka kizingiti cha chumba alichokalia eda. Hata rangi zake za mikeka, wifi yake Sauda alizichukua. "Aliye edani hachezei rangi," alisema, akaurudisha mlango ukabaki upenyo tu. Maimuna akaachiwa ukindu mweupe. Alisuka, akafumua kwa hasira, hadi alipoona mwanga wa upenyoni ukiangusha kivuli nyuma ya kila kikunjo. Basi akaanza kusuka vivuli.

Eda ilipokwisha, Sauda aliingia na bakuli la rangi, akauacha mlango wazi. Jua likajaa, mkeka ukaonekana mtupu.

"Maskini wifi yangu, hata ua moja! Haya, toka sasa."

Maimuna alinyanyuka, akaurudisha mlango hadi upenyo ule ule. Juu ya mkeka mweupe, mawimbi yakainuka.