Kiwango Kisiguswe

Aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote katika ukumbi wa Bunge alikuwa wakili wa kampuni ya barabara.

"Huyu naye kapatwa na nini?" Mama Shuka alimnong'oneza mumewe. "Si ndiyo kwanza tumemshinda?"

"Mwache. Kuna watu hucheka hata msibani."

Miaka minne Mama Shuka alikuwa akitembeza karatasi za saini: kwa madereva, kwa mafundi viatu, hata kwa mchumba wake wa zamani. Kazi yake udobi. Asubuhi anachukua mashuka machafu kwenye hoteli za upande wa pili wa mji, jioni anayarudisha meupe, na kila safari analipia barabara kuu. Kampuni ilipandisha tozo kila ilipojisikia. Mwaka jana pekee, mara mbili. Yeye na mumewe walishakubaliana: ikipanda tena, wanauza mashine, wanafunga duka.

Mwanasheria wa kamati ya Bunge alikuwa ameandika kwamba tozo isipandishwe bila kura ya wabunge. Mama Shuka akakataa katakata.

"Hapo penye 'isipandishwe', andika kiwango kisiguswe! Hawa ukiwaachia tundu la sindano, wanapitisha lori. Na sheria ianze siku hiyohiyo, tusije tukazungushwa."

Wabunge walimpa vyote viwili. Saa nane mchana walipiga kura: ndiyo, bila hata mmoja kupinga. Kisha Spika akawatakia kampeni njema, akalifunga Bunge hadi baada ya uchaguzi, na waheshimiwa wakatoka mbio kama wanafunzi siku ya kufunga shule.

Njia nzima Mama Shuka aliimba. Mumewe, ambaye hakuwahi kusifia hata chai yake, alitikisa kichwa huku akiendesha.

"Kumbe nimeoa serikali."

"Na bado. Mashuka ya kesho unafua wewe."

Walipofika kwenye kibanda cha tozo, Mama Shuka alinyoosha mkono dirishani na noti ileile ya kila siku. Dada wa kibandani akamrudishia.

"Haitoshi, mama. Siku hizi ni tatu kama hiyo."

"Siku hizi tangu lini?"

"Tangu saa sita mchana."

Mama Shuka alicheka mpaka akajishika mbavu. Nyuma yao magari yalianza kupiga honi.

"Mwanangu, hamna redio humo ndani? Bunge limeshapitisha sheria! Hebu mwite bosi wako aishushe hiyo tozo sasa hivi, nikiwa hapahapa."

Dada alimtazama kwa huruma.

"Redio tunayo, mama. Kuanzia saa nane, atakayekigusa kiwango bila kura ya Bunge anafungwa."