Kanda ya Panki Katikati ya Taarabu

Siku hizi kila anayetimiza miaka arobaini hupelekwa kliniki kufutwa kumbukumbu za huzuni za ujana. Mbwana na mkewe Salha walikutana Tanga wakiwa wameshafutwa wote wawili, wakaoana, wakatundika vyeti vyao sebuleni.

Jumamosi moja Mbwana alikuwa akipanga kanda zake za taarabu, akakuta katikati yake albamu ya panki ya emo, ule muziki wa vijana wa kulilia mapenzi kwa makelele, ya bendi asiyoijua kabisa. Akaiweka kwenye redio. Magitaa yakalia kama mabati yanayoburutwa, na kijana mmoja akapiga mayowe kwamba ameachwa, afadhali dunia ipasuke.

“Salha, hebu njoo umsikie mwehu huyu,” aliita huku akicheka hadi machozi.

Salha akachungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi. Akasikiliza kidogo, akasema, “Aliyemwacha alikuwa na akili zake.”

Akarudi kwenye mchuzi wake. Mbwana akageuza jalada amjue huyo mwimbaji, akakuta jina lake mwenyewe, na kicheko kikamkauka. Akafungua mdomo amwite mkewe.

Huko jikoni Salha alikuwa akiimba ubeti wa pili, na kijana wa kwenye kanda alikuwa bado hajaufikia.