Mtu Yumo Humo Ndani

Mwenye duka alipanga jozi mbili za spika juu ya meza, akatia kanda ya zamani ya taarabu ili wateja wake wapime wenyewe. Zile kubwa zilivuma ngoma mpaka maneno yakamezwa. Alipohamishia muziki kwenye zile ndogo, sauti ya mwimbaji ikatoka safi, hata pumzi zake zikasikika.

Mize alishika ukingo wa meza. Pumzi zile zilikuwa zake. Aliuimba wimbo ule kabla ya kuolewa, na mumewe hakuwahi kujua.

"Sikiliza, mke wangu," alisema Shaame, macho kayafumba. "Utadhani mtu yumo humo ndani!"

"Mimi naona hizo kubwa, Bwana. Zina nguvu."

"Nguvu za kumfunika mwimbaji?" Shaame alicheka. Huyu ndiye aliyekuwa akizima redio kila Mize alipoifuatisha kwa mdomo, maana mke wa mtu haimbi. Leo alichomoa noti, akaibandika juu ya spika ndogo, kama watu wanavyomtunza mwimbaji ukumbini. Mwenye duka akaangua kicheko.

"Nachukua hizi, na kanda hiyohiyo," alisema Shaame. "Huyu mwanamke nitamtunza nyumbani."

Garini Mize alipakata sanduku la spika. Kila gurudumu lilipoingia shimo la barabarani spika ziligonga kidogo kwa ndani, naye akalikandamiza kwa viganja vyote viwili, kama anayemziba mtu kinywa.